Kadi tano nimetuma, mbili tu zimefika

SWALI

Mpendwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi mji mmoja wa pwani na nauza duka la vifaa vya shule. Mwezi wa pili nilijiunga na Postcrossing, ule mtandao ambao unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia postikadi yenye namba maalumu, na yeye akishaisajili unaingia kwenye foleni ya kupokea kadi kutoka kwa mtu mwingine kabisa. Siku hiyo hiyo nilichukua anwani zote tano nilizoruhusiwa: mbili Ujerumani, moja Ufini, moja Taiwan, moja Marekani.

Kadi mbili nilinunua duka la watalii. Tatu nilizitengeneza mwenyewe: nilisafisha studio picha za mashua na za soko la samaki, nikaandika nyuma yake kwa kalamu ya jeli. Juu kushoto niliweka jina langu na S.L.P. yangu ili wajue pa kunijibu. Ya Taiwan nilinakili zile herufi za Kichina kwa mkono. Posta nililipia stempu bila kuuliza sana, nikazitumbukiza kadi kwenye sanduku la nje.

Za dukani zimefika zote mbili, ya Ujerumani siku 23, ya Ufini siku 41. Zile tatu za kwangu kimya. Siku 60 zimepita na mtandao unaonyesha muda wake umeisha. Juzi ile ya Marekani nimeikuta kwenye sanduku letu wenyewe, imerudi, ina mistari midogo midogo chini, wala hakuna neno linalosema kwa nini. Mimi nimepokea kadi moja tu, ya Poland, na namba yake imegongwa muhuri juu, haisomeki. Nimeiweka kabatini.

Kuna mengine mawili. Mama hataki nitoe anwani kwa watu nisiowajua, na sanduku lenyewe ni la ofisi ya mjomba. Halafu kuna mkusanyaji mmoja wa Ulaya aliyesikia kwangu kwamba marehemu babu aliacha kadi za zamani kama 30 kwenye sanduku la bati. Anataka nimtumie zote, atanirudishia kadi mpya 50. Nyingine zimeshaanza madoa ya kahawia. Nimpe? Na zile tatu zangu nizihesabu zimepotea?

Mwenye Kadi Tano, Pwani

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hiyo iliyorudi, maana ndiyo inayoeleza nusu ya matatizo yako.

Kadi ya Marekani haikupotea. Ilifika, ikapita kwenye mashine, na mashine ikasoma anwani yako. Mashine za kupanga barua zina kamera inayotafuta fungu la mistari linalofanana na anwani, basi. Haijui nani mtumaji na nani mpokeaji kama binadamu anavyojua. Upande mmoja wa kadi yako ulikuwa na anwani mbili: ya mpokeaji, iliyoandikwa kwa wino wa jeli ambao bila shaka ulisambaa, na ya kwako juu kushoto, fupi na safi, yenye jina la nchi. Kamera ikachukua iliyosomeka. Hiyo mistari midogo chini ni alama ya njia ambayo mashine huchapa baada ya kuamua barua inakwenda wapi.

Ingekuwa imerudishwa na binadamu kwa sababu ya mpokeaji, kwa kawaida ungeona kibandiko kidogo kinachoitwa CN 15 au muhuri wenye vijisanduku, mara nyingi kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha rasmi ya Umoja wa Posta Duniani. Vijue, vitakufaa: Inconnu ni kwamba mtu huyo hajulikani hapo, Parti amehama, Adresse insuffisante anwani haitoshi, Non réclamé haikuchukuliwa, Refusé imekataliwa. Kadi iliyorudi bila alama yoyote ya namna hii, mtuhumiwa wa kwanza ni anwani ya mtumaji. Kwa hiyo tangu leo, kwenye postikadi isiyo na bahasha, andika anwani moja tu. Ya kwako haina kazi pale. Kwenye Postcrossing unayemtumia siye atakayekutumia, na anayetaka kukushukuru atakushukuru kupitia mtandao.

Hiyo kadi inaweza kutumwa tena na namba yake ile ile. Mwandikie kwanza mpokeaji kupitia mtandao, umwambie imerudi na umuulize kama bado yupo anwani hiyo. Akijibu, iweke ndani ya bahasha, andika anwani upya juu ya bahasha na ubandike stempu mpya. Usiirudishe posta ikiwa wazi kama ilivyo. Mistari ile bado iko pale, na mashine nyingine ikiisoma itaipeleka kule kule ilikoambiwa mara ya kwanza, yaani kwako.

Sasa hizo siku 60. Watu wengi wanaojiunga wakiwa Afrika Mashariki hukata tamaa hapa, na hawana haja. Muda ukiisha baada ya siku 60, maana yake ni kwamba mtandao umeacha kuihesabu kadi hiyo miongoni mwa zilizo safarini, ili upate nafasi ya kuomba anwani nyingine. Mpokeaji bado anaweza kuisajili mpaka mwaka mmoja uishe tangu ulipopewa anwani. Kutoka pwani yetu kwenda Ulaya wiki mbili hadi sita ni jambo la kawaida, na Asia ya Mashariki au Marekani huchelewa zaidi, kwa sababu kadi husubiri ndege na hupita vituo kadhaa. Na kufika si kusajiliwa. Mtu yuko likizo, anakusanya kadi za mwezi mzima ndipo azisajili, au namba haisomeki. Siku 60 zikipita, ujumbe mmoja wa heshima unatosha: ulituma lini, picha gani ipo mbele, namba ni ipi. Ukishatuma huo, usimfuate tena.

Kadi zako mbili za dukani zimefika na tatu za studio hazijafika. Hilo halikutokea kwa bahati mbaya. Karatasi ya picha ina ngozi nyembamba ya plastiki mbele na nyuma. Wino wa jeli hauzami pale, unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Ukiupitishia kidole baada ya dakika kumi bado unapakaa, na kadi itasuguana na maelfu ya barua. Stempu nayo haishiki vizuri, inabanduka pembe moja, kisha roli ya mashine inaivuta. Kadi bila stempu ama inaachwa, ama inagongwa herufi T, alama ya kwamba nauli haijatimia, na mpokeaji anaweza kudaiwa pengo. Tena karatasi yenyewe ni laini, inajikunja kwa joto, na kadi iliyojikunja hukwama.

Ukitaka kuendelea kutengeneza zako, na nakusihi uendelee kwa sababu picha ya soko la samaki ina thamani kwa mpokeaji kuliko simba wa mia moja wanaouzwa kila duka la watalii, fanya hivi. Ukubwa salama ni wa A6, sentimita 10.5 kwa 14.8. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi nne bila mabaki. Picha iwe na angalau pikseli 1,748 kwa 1,240, chini ya hapo itatoka na ukungu. Nenda duka la uchapishaji, omba kadi ngumu ya gramu 300, isiyong'aa upande wa kuandikia. Wakitaka kukupigia laminesheni, kataa, utarudi kwenye shida ile ile ya plastiki. Kabla ya kulipia kurasa kumi, chapa moja, andika nyuma yake kwa kalamu ya kawaida ya mpira, yaani biki, hesabu hadi thelathini, kisha sugua kwa kidole gumba. Ikipakaa, badilisha karatasi.

Kama tayari una picha za studio hutaki zipotee bure, zibandike kwenye manila ngumu. Gundi ipake uso mzima mpaka kingoni, si matone manne ya pembeni, kisha weka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Asubuhi pitisha ukucha kila ukingo: popote unapoingia, mashine nayo itaingia na kuchana.

Ukubwa usikutie tamaa. Kanuni za kimataifa zinakubali postikadi ya mstatili kuanzia sentimita 9 kwa 14 hadi 12 kwa 23.5. Kadi ya mviringo au yenye umbo la tembo inaweza kutozwa nauli ya barua, na mara nyingi hufika imevunjika masikio.

Tuje kwenye kuandika. Hapa mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko mwandiko mzuri. Wengi huanza na salamu, zinawanogea, zinajaa upande wote, halafu posta wanapewa stempu tatu za bei ndogo na hakuna pa kuzibandika. Wewe anza na stempu. Nunua kabla hujaandika neno, zipange juu kulia, uone zinakula nafasi gani. Stempu mbili pembeni zinaweza kuchukua sentimita 7 za upana. Chora mstari mwepesi wa wima katikati ya kadi. Kulia ni anwani tu, kushoto ni maneno. Chini kabisa, upana wote, acha sentimita moja na nusu tupu, ndipo mashine inapochapa mistari yake. Ukiandika pale, maneno yako yatafunikwa, na mistari nayo haitasomeka.

Kisha namba ya kadi. Iandike mara mbili: moja juu kushoto mbali na stempu, nyingine katikati ya maneno yako au mwishoni. Muhuri hugongwa juu kulia, hauwezi kufunika zote mbili. Na uangalie tarakimu zenyewe. Mjerumani huandika 1 yenye mkia mrefu unaopanda kushoto, na 7 yenye kijiti katikati. Kwa hiyo 7 yako isiyo na kijiti ataisoma 1, na 1 yako yenye mkia mtu mwingine ataisoma 7. Andika 1 kama fimbo iliyonyooka, 7 weka kijiti, 4 iache wazi juu isifanane na 9, na 0 ifunge vizuri isionekane 6. Kadi moja ya Ujerumani unayoililia nahisi iko mezani kwa mtu anayekodolea tarakimu zilizosambaa na hajui aanzie wapi.

Anwani fuata mistari kama ulivyopewa, usiirembe wala kuifupisha. Jina la nchi ndilo linalosomwa na posta yetu, kwa hiyo liwe mstari wa mwisho, peke yake, kwa herufi kubwa, kwa Kiingereza. Kadi za Austria hupelekwa Australia na za Slovenia hupelekwa Slovakia kwa sababu ya mwandiko wa haraka tu. Msimbo wa posta ndio unaosomwa na posta ya huko: Ujerumani tarakimu 5, China 6, Japani 7. Ukikosea moja, kadi inaweza kwenda mji mwingine kabisa.

Kuhusu Taiwan, usinakili herufi za Kichina kwa mkono kama hujui kuandika lugha hiyo. Mstari mmoja ukiwa mfupi au umekosa, herufi inakuwa neno lingine. Chapa anwani kama ilivyo kwenye skrini, ikiwa na upana wa sentimita 6 hivi, kata, bandika kwa gundi uso mzima, na chini yake andika TAIWAN peke yake. Ukiandika pamoja na jina refu lenye neno China, mtu wa kupanga barua aliyechoka ataitupa kwenye mfuko wa China. Hiyo ya kwako bado ina nafasi ya kufika, lakini ningekuwa mkweli nikisema usiitegemee.

Gundi ya nyuma ya stempu mara nyingi haitoshi kwa hewa ya pwani. Paka gundi ya kijiti nyembamba kingoni, bandika, kandamiza. Selotepu juu ya stempu ni mwiko: muhuri haushiki kwenye plastiki, na posta zina haki ya kuihesabu stempu hiyo si halali.

Kwenye kaunta sema wazi: nataka nauli ya postikadi, si ya barua, kwenda nchi fulani, kwa ndege. Ni bei mbili tofauti mara nyingi. Uliza pia kama huduma kwenda nchi hiyo haijasimama, maana vita, janga au mgogoro wa usafiri husimamisha barua za nchi nzima, na ni heri ulijue hilo kabla ya kulipa. Omba stempu zenye picha badala ya kibandiko cha nauli kinachochapwa na mashine, kisha mwombe karani kwa upole agonge muhuri mbele yako, ukae vizuri na usomeke. Hili linakinga stempu isibanduliwe na kutumika tena, na kwa mkusanyaji muhuri uliosomeka, wenye jina la mji wako na tarehe, ni nusu ya kadi. Andika pia Par avion, yaani kwa ndege, kushoto kwa anwani. Ukitaka kuwapendeza zaidi, tafuta stempu inayofanana na picha: kadi ya mashua, stempu ya samaki au ya bahari. Hilo gharama yake ni kuuliza tu una zipi leo.

Stempu hiyo moja ya Tanzania inamfikisha tarishi wa Ufini mlangoni kwa sababu ya makubaliano yaliyoanzia Bern mwaka 1874, ulipoundwa Umoja wa Posta Duniani: nchi ilikotoka barua ndiyo inayopokea nauli, nyingine zinaipitisha na kuifikisha. Ndiyo maana nauli iliyopungua senti huku inamsumbua mtu kule.

Maneno je? Nusu ya kushoto inabeba maneno 60 hadi 80 kwa mwandiko wa kawaida. Postikadi ya kwanza rasmi, iliyotolewa Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, haikuwa hata na picha, ilikuwa ya ujumbe mfupi tu, na hadi leo ufupi ndio raha yake. Soma wasifu wa mpokeaji. Akisema anapenda maandishi ya lugha ya kienyeji, una hazina ambayo watu wa Ulaya hawana. Chukua kanga iliyo karibu nawe. Eleza kwa sentensi moja kwamba ina pindo, mji na jina, halafu andika jina lenyewe kama lilivyo, kwa mfano Japo sipati tamaa sikati, na chini yake maana yake kwa lugha anayoisoma, na ni wakati gani mwanamke angemvalia mtu kanga hiyo. Hapo umeshajaza nafasi yote, na mpokeaji amepata kitu ambacho hakiuzwi dukani. Orodha ya matakwa ya mpokeaji si amri, lakini usimpelekee simba mtu aliyesema wazi kwamba ana simba tele.

Kadi iliyochorwa kwa mkono nayo hupendwa. Mchoraji wa Tingatinga anaweza kukuchorea kipande kidogo cha A6 ukimlipa. Usichukue picha ya mchoro wake ukaichapa bila ruhusa yake. Ila kadi ya namna hii itume kwenye bahasha, na umweleze mpokeaji sababu, maana rangi ya mafuta inapopinda chini ya roli hupasuka na kumwagika maganda.

Na usichukue tena anwani tano kwa siku moja. Unaruhusiwa tano mwanzoni, na idadi hupanda kadiri kadi zako zinavyosajiliwa, lakini anwani ukishaichukua mtu anasubiri. Omba unapokuwa na kadi na stempu mkononi tayari. Mbili kwa mwezi zinamtosha mwenye mshahara wa duka.

Mama yako ana hoja, na dawa yake mnayo. Sanduku la posta ndilo bora kwa mchezo huu, kwa sababu halimwonyeshi mtu unapolala. Sharti la kwanza ni ruhusa ya mjomba, na kujua nani anafungua sanduku na kadi zinawekwa wapi, kwani kadi yenye picha nzuri hubandikwa ukutani kwa mtu kabla mwenyewe hajaiona. Kwenye anwani yako mtandaoni weka jina lako kamili, chini yake jina la ofisi, kisha namba ya sanduku, mji, postikodi ya tarakimu 5 ya kata mkiwa nayo, na TANZANIA. Tumia P.O. Box badala ya S.L.P., maana mgeni asiyejua S.L.P. ni nini huigeuza herufi anavyotaka. Jina la kuonekana mtandaoni liwe la kubuni. Namba ya simu usiiweke popote. Na kumbuka postikadi inasomwa na kila anayeishika, kwa hiyo usiandike tarehe za safari zenu wala habari za fedha na za ugonjwa wa mtu. Mwonyeshe mama kadi ya Poland. Akiona inakuja kwenye sanduku na haidai kitu, atapoa.

Huyo anayetaka kadi za babu, mwambie hapana. Kadi mpya 50 zinanunuliwa siku yoyote. Za babu hazichapwi tena, na wewe hujajua hata unazo zipi. Zitazame moja moja. Kama upande wa anwani hauna mstari wa kugawa katikati na salamu zimebanwa upande wa picha, kadi hiyo yaelekea ni ya mwanzoni mwa karne ya 20 au kabla, kwa sababu mstari huo uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani 1905 na Marekani 1907. Tafuta jina la mchapishaji kwa herufi ndogo ukingoni, A. C. Gomes na Coutinho walikuwa wapiga picha wa Zanzibar wa enzi hizo na kadi zao hutafutwa sana. Stempu ya Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Wajerumani, ambayo bei yake imeandikwa kwa sarafu iliyoitwa pesa ni ya kabla ya 1905, yenye heller, sarafu iliyofuata, ni ya kuanzia hapo. Zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, haziwezi kuwa za kabla ya 1935. Piga picha pande zote mbili, andika kwenye daftari, si kwenye kadi. Stempu usizibandue kwa maji hata mtu akikuambia nini, kwani kadi, stempu na muhuri vikitengana kila kimoja hupoteza ushahidi wake.

Madoa ya kahawia ni unyevu. Sanduku la bati hutoa jasho usiku joto likishuka. Zihamishie kwenye boksi la karatasi ngumu, zisimame wima bila kubanana, kabatini mbali na ukuta wa nje, pamoja na vifuko vya silika vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vikilowa, vibadilishe. Penye ukungu, kausha kivulini, kisha fagia kwa brashi laini ukiwa nje ya nyumba. Juani usianike, wino utapauka. Mifuko ya plastiki chagua ya polipropilini, ya PVC hunata na kuvuta picha, na albamu zenye kurasa za gundi ziepuke kabisa. Ukitaka kubadilishana na watu moja kwa moja, na ni raha kweli, anza na kadi moja kwa kadi moja, mpya kwa mpya, kila mmoja akimtumia mwenzake picha ya kadi iliyokwisha kubandikwa stempu siku anayoiposti.

Nimeacha ya Poland mwisho makusudi. Itoe kabatini leo. Iweke karibu na dirisha, iinamishe mpaka mwanga uje kwa ubavu: kalamu ya mpira huacha mfereji kwenye karatasi hata muhuri ukipita juu yake. Ukishindwa, ipige picha kwa simu na uongeze nguvu ya rangi. Wino wa bluu hujitenga na muhuri mweusi. Tazama pia kama ameandika namba mahali pengine, ndani ya maneno au kando ya picha. Ikibaki tarakimu moja yenye shaka, jaribu zinazoelekea. Mtandao haukubali namba ya kadi ambayo haikutumwa kwako, kwa hiyo humwibii mtu. Zote zikigoma, ipo fomu ya msaada kwa kadi zisizosomeka namba: jaza nchi, jina la mtumaji kama lipo, tarehe na mji wa kwenye muhuri, na tarakimu ulizoziona, watakutafutia. Ukiipata, sajili na umwandikie mistari miwili ya shukrani ukitaja kitu alichokiandika. Huko Poland kuna mtu anayeangalia siku zake 60 zikienda, kama wewe ulivyokuwa unaangalia zako.